Miguu miwili, mstari mmoja: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyeungua kwa maji ya moto

Kisa hiki kinatoka wodi ya watoto ya hospitali moja mkoani Mwanza. Umri kamili, mtaa, mpangilio wa baadhi ya siku na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu vimebadilishwa au kuondolewa. Mtoto nitamwita Kabula. Msichana aliyekuwa akimlea nitamwita Dada, kwa kuwa ndivyo Kabula mwenyewe alivyomwita. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu, madaktari wa zamu na maafisa ustawi wa jamii, hasa wanaofanya kazi mahali ambapo watoto walioungua huletwa kila wiki na faili karibu zote zina sentensi moja: maji ya moto, ajali ya nyumbani.

Mara nyingi sentensi hiyo ni ya kweli. Nyumba nyingi za kwetu hupika chini, kwenye mafiga au jiko la mkaa lililowekwa mlangoni, na mtoto anayejifunza kutembea hukutana na sufuria ikiwa usawa wa kifua chake. Ndiyo sababu ile faili moja yenye jambo jingine ndani yake hupita bila kuonekana.

Usuli

Kabula alikuwa na miaka 3. Mama yake ni mchuuzi wa dagaa. Anayeujua mwalo, yaani ufukwe mitumbwi inapotia na samaki kuuzwa, anaijua ratiba ya kazi hiyo: wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, na alfajiri mitumbwi inaporudi mnunuzi awe ameshasimama ufukweni, la sivyo mzigo umeshachukuliwa. Baada ya hapo kuna kuanika, kugeuza, na kuanua mbio mvua ikitishia. Majuma ya giza mama huyu alitoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi magharibi. Baba alikuwa kambi ya wavuvi visiwani na alituma fedha alipopata.

Nyumbani, vyumba viwili vya kupanga, walibaki watatu: Kabula, mdogo wake wa miezi 7, na Dada. Dada alikuwa na miaka 13. Aliletwa kutoka kisiwani na ndugu wa mbali kwa ahadi kwamba angesomeshwa mjini. Alikuwa hajaingia darasani tangu alipofika. Alipika, alichota maji, alifua, alibeba mtoto mgongoni na kumchunga Kabula.

Hayo yote yalijulikana wodini siku ya tano. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza mtoto analelewa na nani.

Kufika hospitali

Alhamisi saa tatu usiku mama alifika mapokezi kwa bodaboda, Kabula akiwa amefungwa kanga kuanzia kiunoni. Daktari wa zamu alikuta homa ya nyuzi 39, midomo mikavu, na miguu yote miwili imevimba. Juu ya vidonda kulikuwa na dawa ya meno iliyokauka, na kwenye makalio manyoya ya sungura yaliyonata, dawa ya moto inayoaminika katika nyumba nyingi. Mama alisema mtoto alivuta sufuria ya maji jikoni, jana yake jioni.

Matibabu yalianza vizuri na kwa haraka: dripu, dawa ya kuua bakteria, sindano ya pepopunda, parasetamo. Eneo lililoungua lilipimwa kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, ambacho pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake, likapatikana takribani asilimia 14. Kwa mtoto, kuungua kwa zaidi ya asilimia 10 kunadai dripu na kulazwa, kwa hiyo alilazwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukulia kama swali la polisi, ilhali ni swali la tiba kabla ya lingine lolote. Hesabu ya maji ya dripu kwa mtoto aliyeungua huanzia saa aliyoungua, si saa aliyofika. Ukidanganywa muda, unakosea dozi. Vidonda vya Kabula vilikuwa na usaha, vina harufu, na ukingo wake umeanza kuwa mweusi. Kidonda cha jana hakiwi hivyo. Daktari aliona usaha, akauandika, akaongeza dawa. Hakuandika kwamba kidonda na maelezo vilitofautiana.

Uzito ulikuwa kilo 10.2. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ulisoma sentimita 12.1, yaani utapiamlo wa kadiri. Kadi ya kliniki ilikuwa na alama hadi chanjo ya surua ya miezi 9. Dozi ya miezi 18 haikuwepo, na baada ya hapo hakuna uzito wowote ulioandikwa. Kadi hiyo ilibanwa nyuma ya faili na haikufunguliwa tena hadi Jumatatu.

Ijumaa, kwenye raundi, daktari mwingine alimuuliza mama na mama akasema mtoto alitumbukia kwenye beseni. Faili ikaendelea kusomeka: maji ya moto, ajali.

Jumamosi, chumba cha vidonda

Aliyebadilisha mwelekeo wa kisa hiki ni muuguzi wa zamu ya asubuhi. Kabula alipewa ketamini, dawa ya usingizi, na kwa mara ya kwanza akavuliwa nguo zote, akaoshwa manyoya na dawa ya meno, akageuzwa mbele na nyuma.

Miguu yote miwili ilikuwa imeungua hadi katikati ya muundi, na kila mguu ulikuwa na mstari unaouzunguka, ulionyooka, kimo kilekile kulia na kushoto, kana kwamba mtoto amevishwa soksi. Juu ya mstari ngozi ilikuwa nzima kabisa. Hapakuwa na tone lililoruka pembeni. Kina cha kuungua kilikuwa sawa pande zote, ila nyayo zilikuwa na nafuu. Makalio yaliungua kwa umbo la duara, na katikati yake, pale yalipogusa plastiki ya beseni isiyo na joto kama la maji, ngozi ilisalimika. Mikunjo ya kinena ilikuwa salama. Mikono ilikuwa safi. Kifua, shingo na uso havikuwa na alama.

Linganisha na yale maelezo mawili. Mtoto anayevuta sufuria hupokea maji usoni, shingoni, kifuani na begani. Kidonda huwa kikubwa juu na chembamba kuelekea chini kadiri maji yanavyotiririka na kupoa, na matone hutapakaa. Mtoto anayekanyaga au kuangukia beseni la maji ya moto hutanguliza mguu mmoja, huruka, hurusha maji, hujishika kwa mikono. Miguu yake haiungui kimo kimoja. Mwili wa Kabula ulikuwa wa mtoto aliyekalishwa majini, magoti yamekunjwa, akashikiliwa asitoke. Kinena kilisalimika kwa sababu mapaja yalikuwa yamekunjwa tumboni. Mikono ilisalimika kwa sababu ilikuwa juu.

Muuguzi aliona pia makovu mawili ya mviringo kwenye paja, ya zamani. Mwenzake akasema ni sigara. Daktari aliyeitwa aliyatazama vizuri: yalikuwa ya ukubwa tofauti, yasiyo na kina, na mengine kama hayo yalikuwa kati ya vidole vya mikono. Yalikuwa makovu ya upele uliopasuka na kuingia usaha. Yaliandikwa kwenye faili hivyo na hayakuhesabiwa kama ushahidi. Nalisifu hili kwa dhati. Ukishashuku, kila doa linataka kuwa shahidi, na familia maskini ina madoa mengi.

Baada ya kufunga vidonda muuguzi alichora mwili wa mtoto mbele na nyuma kwenye karatasi ya faili, akatia rangi sehemu zilizoungua, akaandika kimo cha mstari kwa sentimita kutoka kisigino. Kisha akamwita mama faragha, akampa kiti.

“Mama Kabula, nisimulie siku ile tangu ulipoamka.”

Hakuuliza nani alimchoma. Mama alinyamaza, akalia, kisha akasema: “Sista, mimi sikuwepo. Nilirudi nikakuta ameshaungua.” Muuguzi aliyaandika maneno hayo vilevile, kwenye alama za kunukuu, na saa yake.

Ikatoka iliyobaki. Kabula aliungua Jumatatu. Jirani alimwonya mama kwamba bila PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, hospitali hawamgusi mtoto, na kwamba anayekwenda polisi kuomba PF3 ndiye anayewekwa ndani. Akaenda duka la dawa. Kibahasha cha vidonge kilikuwa bado kwenye mkoba wake na tarehe ya Jumatatu imeandikwa kwa kalamu. Siku ya nne homa ilipopanda akaamua kuja, na njiani akatunga habari ya sufuria.

Maamuzi na sababu zake

Daktari mkuu wa wodi alisikiliza, akatazama mchoro, akaamua kwanza kwamba mtoto hatoki wodini hadi ijulikane anakorudi, hata kama vidonda vitaruhusu. Kitanda kilisogezwa karibu na meza ya wauguzi. Mama hakuzuiwa kukaa naye. Hapakuwa na dalili kwamba yeye ni hatari kwa mtoto, na mtoto mwenye maumivu akiondolewa mama yake anaumizwa upya.

Pili, mama aambiwe ukweli kwa maneno yasiyomtuhumu. Aliambiwa: “Kidonda hiki hakilingani na maelezo tuliyopewa mwanzo. Tunapoona hivi, kwa mtoto yeyote, tunawashirikisha ustawi wa jamii.” Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi bora ya kisa chote. Inafaa kujifunzwa kwa moyo, kwa sababu usiku wa manane wengi wetu hatuna nyingine isipokuwa kukaripia au kunyamaza.

Tatu, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haihitaji uwe na uhakika wa nani kafanya nini. Afisa ustawi wa hospitali hakuwa kazini mwisho wa wiki. Muuguzi alipiga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, akapata mwongozo, na ujumbe ukaachwa kwa afisa wa Jumatatu.

Jumapili mambo nusura yaharibike. Daktari kijana aliyesoma mchoro alimuuliza mama mbele ya wodi nzima kama ndiye aliyemtumbukiza mtoto. Saa moja baadaye mama alikuwa amefunga kanga zake na kumbeba Kabula, bandeji zikining'inia. Aliyemzuia ni bibi wa kitanda cha jirani, mayu (mama, kwa Kisukuma) wa makamo aliyekuwa akimuuguza mjukuu. Alimshika mkono, akamwambia, “Kaa chini, mwanangu. Ukitoka naye hivi atakufia njiani.” Akakaa naye hadi usiku.

Jumatatu: mtoto wa pili

Afisa ustawi alifika, akafungua kadi ya kliniki, akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa Alhamisi: nyumbani kuna mtoto mwingine? Ndipo wodi ikajua kuhusu kichanga wa miezi 7, aliyeachwa siku zote nne na Dada yuleyule, mchana na usiku.

Mchana huo afisa alikwenda nyumbani pamoja na mtendaji wa mtaa na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyevaa nguo za kiraia. Kichanga alikutwa salama, ana njaa. Dada alihojiwa kwa jirani, peke yake na afisa ustawi, bila mwajiri wala ndugu.

Alieleza kwamba Kabula alijinyea. Dada alikuwa ameonywa vikali kwamba mama asirudi akamkuta mtoto mchafu. Kichanga alikuwa analia mgongoni. Bomba la mtaa lilikuwa limekatika tangu jana yake na ndoo ilikuwa na maji kidogo. Alimimina maji yaliyochemka kwenye beseni, akaongeza yale kidogo ya ndoo, akamshika Kabula kwapani, akamkalisha. Kabula alipiga kelele. “Huwa analiaga kila siku nikimwogesha,” alisema, “nikajua ni yaleyale.” Aliendelea kumshikilia hadi alipoona ngozi ya mguu inabadilika, akamnyanyua. Maji ya nyuzi 60 huhitaji sekunde chache tu kuunguza ngozi ya mtoto kwa kina; ya moto zaidi hayahitaji hata hizo.

Afisa alimwomba aoneshe mikono. Vidole vya mkono wa kulia na sehemu ya kiganja vilikuwa vimebabuka, malengelenge yamepasuka na kukauka. Aliungua alipokuwa akimwopoa. Hakuna aliyempaka chochote. Alikuwa akifua kwa mikono hiyo.

Matokeo

Kabula alikaa wodini wiki 5. Alipandikizwa ngozi juu ya mguu wa kulia. Sehemu nyingine zilipona kwa kufungwa. Alifanyiwa mazoezi ya vifundo ili kovu lisivute ngozi, akapewa chakula cha lishe, uzito ukapanda. Dozi ya surua iliyokosekana alichomwa kabla ya kuruhusiwa. Alitoka kwenda kwa bibi yake mzaa mama, wilaya ya jirani, kwa makubaliano ya maandishi na ofisi ya ustawi.

Dada alitibiwa mikono. Sheria hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na yeye alikuwa na 13. Alirudishwa kwa mama yake kisiwani, na ustawi wa huko ukapewa taarifa kuhusu kurudi shule. Askari wa Dawati aliandika maelezo yake afisa ustawi akiwepo. Hadi kisa hiki kinaandikwa, jalada halijafikishwa mahakamani. Mama aliwekwa chini ya usimamizi wa ustawi na mtendaji wa mtaa. Baba alikuja wodini mara moja.

Uchambuzi

Timu iligawanyika kuhusu jina la kisa hiki, na mjadala ule ulikuwa na faida. Baadhi walisema ni ukatili: mtoto alishikiliwa ndani ya maji ya moto, mwili umeshuhudia. Wengine walisema ni uzembe wa msichana asiyejua. Mimi naona mwili ulishuhudia jambo moja tu, kwamba alishikiliwa. Mstari wa maji hauoneshi aliyemshika alikuwa anaadhibu au anaogesha. Kujinyea na kujikojolea ni nyakati zinazojulikana kwa adhabu za namna hii, kwa hiyo swali halikuwa la kupuuzwa. Lakini vidole vilivyoungua, maji yaliyopungua na kelele zilizozoeleka vinaipa simulizi ya Dada uzito. Kabula alimng'ang'ania Dada alipoletwa wodini kumwona; wengine walilihesabu hilo kama ushahidi wa upendo. Lisihesabiwe. Watoto huwang'ang'ania hata wanaowaumiza.

Kisichokuwa na utata ni kutelekezwa, na ndicho kilichoonekana mwisho. Mtoto wa miaka 3 na kichanga waliachwa saa zaidi ya kumi na mbili kwa siku na mtoto wa miaka 13. Kliniki ilikatika zaidi ya miaka miwili. Maumivu ya kuungua yaliachwa siku tatu bila hospitali. Kwa kuwa tunatafuta mhalifu, tunaruka haya, tunayaita umaskini. Umaskini ulikuwepo kweli, na mama huyu hakuwa na mahali pa kuwaacha watoto mwaloni. Ila umaskini unaeleza kwa nini mtoto hakulindwa. Haumfanyi awe amelindwa. Ustawi ulipaswa kuingia hata kama alama za miguu zingekuwa za ajali tupu.

Woga wa PF3 ulichangia madhara kama maji yenyewe. Mtoto aliyeungua hutibiwa kwanza. Fomu hufuata, na hospitali inaweza kuwaita polisi. Mama alikuwa haamini hivyo, na hakuna bango wala mtu aliyemwambia. Uongo wake wa kwanza ulitokana na hofu hiyo, na uongo huo ulifanana sana na uongo wa mtu mwenye hatia. Maelezo yanayobadilika na kuchelewa kuja ni dalili za kweli, zimo katika kila mafunzo. Zinasema kuna kitu kimefichwa. Ni kipi, inabidi kuuliza.

Kilichofanikisha kisa hiki ni kazi za mikono za muuguzi mmoja: kumvua mtoto nguo zote, kumwosha, kuchora, kupima, kunukuu maneno bila kuyarekebisha, kuuliza swali lililo wazi. Hakuna kifaa cha bei kilichohitajika. Kilichokwama ni kwamba kazi hiyo ilifanyika siku ya tatu tangu kulazwa, kwa bahati ya zamu.

Kuhoji mbele ya wodi kulikaribia kumpoteza mtoto. Mgonjwa anayetoroka wodini akiwa na asilimia 14 ya ngozi iliyoungua na vidonda vyenye usaha hana nafasi kubwa ya kupona. Gharama nazo zilimsukuma mama mlangoni kuliko tulivyodhani: sera inasema mtoto chini ya miaka 5 hatozwi, lakini bandeji zilipokwisha mama alipewa karatasi akanunue nje, na kila karatasi ilimkumbusha majuma ya giza yanayompita.

Jambo zito kuliko yote, kwangu, ni zile siku nne za kichanga. Wodi ilishuku kwamba mtoto mmoja amedhuriwa nyumbani na haikuuliza nani mwingine amebaki humo. Fomu ya kumpokea mtoto aliyeungua katika wodi hiyo sasa ina mistari mitano iliyoongezwa kwa mkono: aliungua saa ngapi na siku gani, nani alikuwepo, nani humlea mchana, watoto wengine nyumbani ni wangapi na wako na nani sasa, kidonda kinalingana na maelezo, ndiyo au hapana. Mstari wa mwisho unasainiwa na daktari na muuguzi, kila mmoja peke yake. Zamu ya afisa ustawi kwa Jumamosi na Jumapili bado haijapatikana. Imeombwa kwa maandishi, na hadi itakapojibiwa wauguzi wanaendelea kutumia 116 na namba ya mtendaji wa mtaa iliyobandikwa juu ya meza yao.